MTIHANI WA MUZIKI UNAOMNGOJA KIJANA CHUONI

Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita



Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo linalowatatiza vijana wetu waliopata nafasi ya kusomea muziki katika vyuo vya Marekani. Kijana amekwisha kupata barua ya kukubaliwa, ukoo umechanga nauli, halafu inakuja barua nyingine kumwambia kwamba akifika atafanya mtihani wa muziki. Anashtuka. Anadhani wamembadilikia. Kwa kuwa kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaousahihisha mtihani huo katika chuo kimoja huko, nadhani naweza kuwatoa hofu isiyo na sababu, kisha niwatie ile yenye sababu.

Mtihani wa kuingia ni ule wa kuimba au kupiga chombo mbele ya walimu. Ukiisha kuupita huo, nafasi ni yako. Huu mwingine ni wa kukupangia darasa tu. Hufanywa mara nyingi katika juma la kuwapokea wageni, siku chache kabla ya masomo kuanza mwezi wa Agosti au Septemba, na siku hizi vyuo vingine huutoa kwa kompyuta ungali nyumbani. Hakuna anayefukuzwa kwa sababu yake. Unamwambia mwalimu akuweke wapi: katika nadharia ya kwanza, ya pili, au katika darasa la misingi lililo chini ya hizo zote.

Basi kama haufukuzi mtu, hofu ya nini? Hofu ni ya miaka na fedha. Nadharia ya muziki hufundishwa kwa ngazi, kwa kawaida mihula minne, na kila muhula umesimama juu ya mabega ya uliotangulia. Katika vyuo vidogo ngazi ya kwanza hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Aliyewekwa katika misingi anaweza kujikuta anaingoja hadi mwaka wa pili, na mara nyingi masomo ya misingi hayahesabiwi katika shahada. Mtoto wa tajiri ataongeza muhula. Lakini aliyechangiwa na wajomba na mashangazi, ambaye ruhusa yake ya kukaa nchini imeandikwa tarehe ya mwisho na msaada wake wa karo ni wa miaka minne kamili, huyo muhula mmoja unaweza kumrudisha nyumbani bila cheti.

Na jambo linaloniuma ni kwamba wengi wa vijana wetu wanaowekwa chini hawakustahili kuwekwa chini. Masikio yao ni makali kuliko ya wenzao. Walichokosa ni kuandika haraka, na kuandika kwa namna inayosomeka kule.

Vijana wetu wengi wametoka katika kwaya, na kwaya zetu zimelelewa na solfa: d, r, m, f, s, l, t, kwa herufi, nukta na mistari ya wima. Mtindo huo ulianzia kwa mwalimu wa kike wa mji wa Norwich huko Uingereza, Bibi Sarah Glover, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza. Wamisionari waliupenda kwa sababu uliweza kupigwa chapa kwa herufi za kawaida, bila mitambo ya mistari mitano. Nawasikia wasomi wengine wakiudharau, eti ni muziki wa wasiojua nota. Hawajui wasemalo. Mwanakwaya anayesoma solfa anajua kwamba t inamtamani d, kwamba f inataka kushukia m. Anajua kila sauti inaishi wapi katika nyumba yake. Vyuo vya Marekani hutumia mihula minne kuwafundisha watu jambo hilo hilo, na vingi hutumia do ile ile inayohama pamoja na ki. Kwa hiyo upande wa masikio kijana wetu anaingia chumbani akiwa na nusu ya mtihani mfukoni.

Shida huanza kwenye karatasi. Katika solfa huandikwa juu kabisa "Do ni G" au "Do ni As," na baada ya hapo herufi ni zile zile. Mwimbaji anaweza kuimba miaka kumi asikutane na tofauti ya G na A flati. Penye mistari mitano tofauti hiyo ndiyo inayosimama mlangoni: shapu moja kwa G, flati nne kwa A flati. Ki za meja zenye alama zake ni 15, za maina ni 15, na mtihani unataka uzitaje na kuziandika upesi kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake. Ukianza kuhesabu kwa vidole, muda umekwisha.

Dawa yake haihitaji fedha. Chukua wimbo wa kwaya unaoujua mpaka usingizini, uliopigwa chapa kwa solfa. Uhamishie kwenye mistari mitano katika ki ya G, soprano na alto kwenye ufunguo wa G, tena na besi kwenye ufunguo wa F. Kesho uandike tena katika A flati. Keshokutwa katika E. Ukiisha kuzoea, acha kitabu, andika kutoka kichwani. Sauti ya wimbo wetu wa Taifa, iliyotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, kila mmoja wenu anaijua. Lakini ni wangapi hapa wanaoweza kuiandika sauti zote nne kabla kengele ya chakula haijalia? Ijaribuni. Nawaambia vijana, nyimbo ishirini zilizohamishwa hivyo zitawafaa kuliko vitabu vitatu vya nadharia vilivyosomwa kitandani.

Mtego wa pili ni mbaya kuliko huo kwa sababu hauonekani. Sisi tumefundishwa majina ya Curwen. Sauti ikipandishwa tunamalizia kwa e: fa inakuwa fe, so inakuwa se, la inakuwa le. Ikishushwa, ti inakuwa ta na mi inakuwa ma. Wamarekani wamegeuza. Kwao iliyopanda inamalizikia kwa i: fi, si, li. Iliyoshuka ndiyo inayomalizikia kwa e: te, le, se, me. Tazameni sasa yanayotokea. Kijana wetu anaandika "se" akikusudia so iliyopanda nusu sauti. Msahihishaji anasoma "se" kuwa so iliyoshuka nusu sauti. Kijana ameimba sawasawa kichwani mwake, amesikia sawasawa, na karatasi inasema amekosea kwa sauti nzima. Halikadhalika "le." Na "te," ambayo katika vitabu vya Curwen ndivyo ilivyoandikwa sauti ya saba ya kawaida kabisa, kule ni ya saba iliyoshushwa, ya kawaida huandikwa "ti." Nimesahihisha karatasi za namna hii. Ukiwa hujui mtoto ametoka wapi, unaweka alama ya kosa na kuendelea na karatasi inayofuata.

Tena kuna maina. Sisi maina tunaianzia kwenye la, na mahali pengine Marekani hufanya vivyo hivyo. Lakini vyuo vingi huianzia kwenye do, kisha do re me fa sol le te. Na viko vyuo ambavyo do haihami hata kidogo. Do ni C siku zote, iwe mvua iwe jua. Huwezi kubahatisha ni upi utakaoukuta. Andika barua kwa idara ya muziki, ukiwa bado hapa nyumbani, uulize mambo manne tu: wanatumia solfa ya namna gani, mtihani ni siku gani, una sehemu ya kinanda au hauna, na kama wana karatasi ya mfano. Watakujibu. Mara nyingi watakuruhusu pia uimbe kwa silabi ulizozoea, au kwa "la" tupu, maadamu umesema mapema.

Majina ya vitu nayo yana visa vyake. Walimu wetu walisoma kwa Waingereza, ndiyo maana tunasema semibrevi, minimu, krocheti, kweva. Wamarekani huzitaja nota kwa hesabu, kama wagawa urithi: nzima, nusu, robo, thumuni. Waingereza wakimaliza sentensi ya muziki kwa kordi ya tano kwenda ya kwanza huita kadensi ya pafekti; Wamarekani huiita ya othentiki. Haya ni ya kukariri jioni moja, yakaisha. Nayataja kwa sababu nimemwona kijana anayejua kuandika kadensi zote akakaa anatazama swali kama linasema Kirusi.

Nije kwenye mapigo. Mtu angedhani hapa watoto wa nchi ya ngoma watawatimulia vumbi wengine, na kwa kupiga makofi hufanya hivyo kweli. Kuandika ni kisa kingine. Chukueni vipande sita vya thumuni. Vikigawanywa mafungu mawili ya vitatu ni sita juu ya nane. Vikigawanywa mafungu matatu ya viwili ni tatu juu ya nne. Ngoma zetu nyingi hucheza na yote mawili kwa wakati mmoja, mkono huu unasema hivi na ule vile, na mtoto aliyekulia humo haoni ajabu yoyote. Mtihani lakini unataka jibu moja. Solfa nayo haimsaidii sana, kwani mara nyingi sita juu ya nane huandikwa kwa vituo sita vilivyotenganishwa kwa nukta mbili-mbili, naye akahesabu sita wakati mtihani unamtaka asikie mbili. Mimi huwaambia wanafunzi wasifuate mkono, wafuate mguu. Mguu ukikanyaga mara mbili katika kipimo, andika mbili zenye tatu-tatu ndani yake. Ukikanyaga mara tatu, andika tatu.

Imla ya muziki ndiyo inayowatoa watu jasho zaidi. Mwalimu hukutajia ki, hukupa sauti ya kuanzia, kisha hupiga kipande kifupi, vipimo vinne au vinane, mara tatu au nne, na wewe unaandika. Wengi hukamata penseli tangu nota ya kwanza. Kufikia nota ya tano wameachwa kama abiria aliyerudi kufunga mlango. Mara ya kwanza weka penseli chini. Sikiliza mpaka mwisho, ukiimba kimya kimya. Mara ya pili andika solfa juu ya mstari kwa herufi ndogo, d, m, s, f, ukiweka vijistari vya mapigo. Hapo mtoto wa kwaya anarudi kuwa mfalme, maana anachosikia kina majina tayari. Mara ya tatu hamishia kwenye mistari mitano. Kama umefanya yale mazoezi ya nyimbo ishirini, kuhamisha huko ni kazi ya dakika moja. Kama hukuyafanya, utabaki na herufi sahihi juu ya mistari mitupu, na herufi hizo, katika vyuo vingine, hazina alama hata moja.

Juu ya kinanda sitasema mengi. Katika vyuo vingi kila mwanafunzi wa muziki hujifunza kinanda, hata mpiga tarumbeta, na asiyekijua huwekwa darasa la kwanza la kinanda bila fedheha yoyote. Lakini nina neno kwa wale wanaopiga vinanda vya umeme kanisani. Najua kile kitufe cha kuhamisha ki. Kwaya ikianza wimbo katika A flati, mpigaji anabonyeza kitufe na kuendelea kupiga katika C, na waumini wanamsifu kwamba anapiga ki zote. Piano ya chuo haina kitufe. Zimeni kitufe hicho leo, mpige wimbo mmoja kwa juma katika F na mmoja katika D, polepole, hata kama wenye kwaya watanung'unika.

Kuna mtihani wa nadharia wa Bodi ya London, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake ABRSM, bodi iliyoanzishwa mwaka 1889. Daraja lake la 5 ni kipimo kizuri: anayeweza kulifanya bila kubabaisha ana sehemu kubwa ya maarifa ya darasa la misingi kwa upande wa karatasi. Nasema wa karatasi. Hauna imla, na mtu anaweza kulipita akiwa na masikio ya kuazima.

Sasa swali ambalo kijana mmoja aliniuliza leo asubuhi pale chini ya mwembe: je, mtu akariri ile karatasi ya mfano ili awekwe darasa la juu? Nilimjibu kwa habari ya wanafunzi wawili, nisiowataja. Wa kwanza aliipata karatasi ya mwaka uliopita kwa rafiki, akaimeza, akawekwa nadharia ya pili. Juma la kwanza wenzake walikuwa wanaandika kordi za saba na migeuzo yake kwa namba chini ya besi, yeye bado anatafuta nota katika ufunguo wa F. Alijiondoa darasani baada ya tarehe kupita, karo ya somo hilo ikapotea, na mwaka uliofuata akaanza ngazi ya kwanza. Wa pili aliwekwa misingi kwa sababu ya zile "se" na "te" nilizozieleza. Alijua amesikia sawa. Akakaa kimya muhula mzima kwa kuwa nyumbani alifundishwa kwamba mtoto hambishii mwalimu. Nilipokuja kumsikia akiimba kwa kusoma papo kwa papo, sikuamini kwamba ndiye mwenye karatasi ile.

Adabu ni kitu chema, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini kule, kwenda ofisini kwa mwalimu katika juma la kwanza na kusema, "Tafadhali, mimi nimesoma kwa mtindo mwingine, naomba unisikilize dakika tano," si utovu wa adabu. Mwalimu hulipwa kwa ajili ya hilo. Vyuo vingine hutenganisha kabisa nadharia na masikio, hata mtu akaweza kuwa misingi huku na ngazi ya pili kule. Kwa hiyo jiandae ili karatasi iseme kweli juu yako, isipunguze wala isizidishe. Na ikisema uongo, nenda ukaseme mwenyewe mapema, kabla ya tarehe ya kubadili madarasa.

Miezi sita inatosha kwa anayejua solfa. Miwili ya kwanza, ki na umbali wa sauti: do hadi mi ni nusu sauti nne, re hadi fa ni tatu, na kadhalika mpaka ujue zote bila kufikiri. Miwili ya katikati, aina nne za kordi za sauti tatu, na kuhamisha nyimbo. Miwili ya mwisho, imla kila siku, hata robo saa, na rafiki wa kukupigia. Usiifanye peke yako kwa wimbo unaoujua, hapo unajidanganya. Na panga safari ufike siku nne au tano kabla. Kati ya hapa na New York kuna tofauti ya saa saba wakati wa kiangazi, na imla ya saa nane mchana kule ni saa tatu usiku kwa masikio yako.

Wazee wenzangu, nimesikia katika kikao cha asubuhi pendekezo la kuinunulia shule piano kubwa ya ukumbini. Ni wazo la ukarimu. Lakini piano inataka fundi wa kuipatanisha kila mwaka, na joto la hapa tunalijua. Mimi ningependa kwanza tununue madaftari ya mistari mitano ya kutosha kila mwanakwaya, vinanda viwili vya kawaida, na saa moja ya Jumamosi ambayo mtu mzima mwenye masikio atakuja kuwapa vijana imla. Nawaona hapa wazee wanne waliokuwa wakiimba besi katika kwaya ya shule, na wote wanaishi mwendo wa baiskeli kutoka hapa. Mwenyekiti ana majina yao, nami nimekwisha kumpa.

Nimekuja na karatasi thelathini za mazoezi. Baada ya chakula nitakuwa katika darasa la Kidato cha Pili A, lile la karibu na kisima. Kila kijana aje na penseli na kifutio. Kalamu ya wino haifai. Tutaanza na imla ya vipimo vinne katika ki ya F.